Ulikalia Kiti cha Nani?

Mahamri yalikuwa mawili, na mbaazi nilizitia kwenye kikopo cha siagi nikakibana kwa mpira. Asubuhi ile nilikuwa nimekipakata. Matatu ilipoivaa lori kwa nyuma, kifuniko kilifyatuka na mbaazi zote, na tui lake zito, zikanimwagikia kifuani. Mzee aliyenivutia dirishani alipiga ukelele, "Huyu matumbo yako nje!" Nikamwambia, "Ni mbaazi, baba." Akacheka, nami nikacheka, halafu nikautazama mkono wangu wa kushoto nikaona kiganja kimeelekea upande ambao kiganja hakielekei.

Ilikuwa Mei 2018, katikati ya masika, na barabara ya kwenda Mombasa ilikuwa na ujenzi. Wakati ule ukitoka Mazeras alfajiri hukujua utapitishwa wapi. Jana njia ilikuwa kushoto, leo yamewekwa mapipa unapelekwa kulia, tope limefika kwenye rimu, na malori ya kontena yamejipanga kama siafu. Nilikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo za kupeleka nje, upande wa Miritini. Kazi ilianza saa 1 kamili, na anayechelewa hata dakika 5 alikatwa. Kwa hiyo karibu sote tulioingia gari lile la saa 11 na nusu tulikuwa watu wa viwandani au wa bandarini. Nani mwingine atoke nyumbani saa hiyo, mvua inanyesha?

Nasema haya kwa sababu kwa muda mrefu niliamini kwamba hiyo peke yake ingetosha. Kama si kazi, ningekuwa kitandani. Kwa hiyo nimeumia kazini. Hesabu rahisi.

Siku ya nne kaka yangu alinisindikiza hadi ofisi ya wafanyakazi, plasta imefika kwenye kiwiko. Kwenye laini yetu mimi nilikuwa nashona kiuno cha jinzi. Kwa asiyejua, mkono wa kulia unasukuma tu, wa kushoto ndio wenye kazi: unaongoza kitambaa, unakivuta kidogo pale mshono unapopita juu ya mshono mwingine, vinginevyo sindano inavunjika. Mshonaji wa viuno asiye na mkono wa kushoto ni kama mvuvi asiye na ngalawa. Nilimweleza yote hayo yule binti wa ofisini. Alinisikiliza, wala hakuwa na jeuri, nikimsema vibaya nitakuwa nimemwonea. Mwishowe akaniambia: "Dada, pole sana. Lakini wiba haipandi matatu."

Wiba ndivyo tunavyoiita Kenya, kutokana na herufi za Kiingereza za ile sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini. Jina lenyewe linakaa kama kuiba, na siku ile niliona limepatiwa hasa. Niliondoka nikiamini nimedhulumiwa. Shangazi yangu akasema nimerogwa, kwamba yuko mtu aliyekuwa akikitaka kiti changu cha mashine. Ilinichukua karibu miaka miwili kufahamu kwamba yule binti alisema kweli tupu, na kwamba kosa lake lilikuwa moja tu: aliniambia mlango uliofungwa, hakunionyesha ulio wazi.

Sheria inasema hivi, kwa maneno yangu. Ukiumia kutokana na kazi na ukiwa ndani ya kazi, mwajiri anawajibika, awe na kosa au asiwe nalo. Wala huhitaji kuthibitisha kwamba alizembea. Na kila mwajiri anatakiwa awe na bima ya jambo hilo. Lakini safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini ni yako mwenyewe, isipokuwa kwa mlango mmoja mdogo uliomo kwenye kifungu cha 10: ukiwa unasafirishwa kwa gari lililotolewa na mwajiri mahsusi kwa kuwabeba wafanyakazi, gari lisilo la uchukuzi wa umma, linaloendeshwa na mwajiri au mwajiriwa wake, basi safari hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Yaani barabara ni ile ile, lori ni lile lile, mkono umevunjika vile vile. Kinachoulizwa ni ulikuwa ndani ya gari gani.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba kila sheria lazima iweke mpaka mahali. Sawa. Ila mpaka huu umewekwa na mtu asiyepanda matatu.

Tofauti yake mfukoni niliijua vizuri. Ningekuwa ndani ya gari la kiwanda, matibabu yangekuwa juu ya mwajiri, na kwa kuwa niliumia zaidi ya siku 3, ningelipwa mapato yangu kwa muda ambao sikuweza kufanya kazi, hata miezi 12. Kwenye matatu nilibaki na ruhusa ya ugonjwa ya kawaida kwenye Sheria ya Ajira: siku 7 kwa mshahara kamili, siku 7 kwa nusu. Baada ya siku 14, sifuri. Plasta ilikaa wiki 7, na baada ya plasta vidole vilikuwa vigumu kama vya mwanasesere. Mshahara wangu wakati huo ulikuwa Sh 14,000 na kidogo. Fanya hesabu mwenyewe, mimi niliifanya usiku kucha.

Mlango ulio wazi nilionyeshwa na watu wawili, mmoja mwizi na mwingine mgonjwa.

Yule mwizi alikuja wodini siku ya pili, kabla hata sijaenda kiwandani. Kijana mtanashati, kashika faili, shati limepigwa pasi. Alinijua jina. Sijui nani alimpa, na nina mawazo yangu. Akaniita mamangu. Akasema yeye "anasaidia watu wa ajali", kwamba gari lile lina bima na naweza kulipwa, ila kesi huchukua miaka, na yeye kwa huruma yake anaweza kunipa Sh 30,000 kesho yake asubuhi. Nitie sahihi tu, yaliyobaki tumwachie yeye. Akanipa kalamu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima, kwa bahati mbaya. Nilishaiweka kalamu kwenye karatasi wakati mama wa kitanda cha pili, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alipoanza kukohoa. Alikohoa, akakohoa, hadi kijana akageuka kumtazama. Yule mama akanikazia macho akatikisa kichwa, mara moja tu. Nikairudisha kalamu nikasema nitamngoja kaka yangu.

Kijana alipoondoka, mama yule aliniambia mumewe aligongwa na gari Kaloleni, akatia sahihi karatasi kama ile, na baadaye wakagundua ameziuza haki zake zote kwa pesa ambazo hazikufika hata mwezi. Nilitaka kumshukuru vizuri siku ya kuondoka lakini kitanda chake kilikuwa kitupu, na niliogopa kuuliza.

Basi, mlango wenyewe ni huu: matatu kisheria haiwezi kutembea bila bima ya watu wengine, ile tunayoiita thadi pati, na abiria ni mmoja wa hao watu wengine. Wiba ikikukataa, hujakatazwa kumdai mwenye gari. Hii si fidia ya kazi, ni madai ya kawaida. Lazima uonyeshe kwamba dereva alizembea, na una miaka 3 ya kufungua kesi tangu siku ya ajali. Kwa abiria aliyekaa kwenye kiti chake, kuonyesha uzembe wa dereva aliyeivamia lori iliyosimama si kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa karatasi.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipopotezea miezi 8. Polisi hutoa karatasi ya muhtasari wa ajali, abstrakti. Ndani yake kuna tarehe, mahali, majina ya walioumia, namba za magari, na kampuni ya bima ya kila gari. Yangu nilipewa baada ya kwenda kituoni mara 4. Niliikunja nikaiweka ndani ya msahafu ili isipotee. Wakili aliponiandikia barua kwa kampuni ya bima, jibu likarudi: gari hilo hatulijui. Tukaandika tena, tukajibiwa vile vile. Wakili akaniuliza kama nina uhakika na gari nililopanda. Mimi nijue namba ya matatu? Nilijua rangi yake, nilijua ina picha ya mwanasoka mlangoni, nilijua makanga wake ana pengo. Nilikwenda stejini Mazeras kulitafuta. Gari lilikuwa limeshapigwa rangi nyingine, na makanga yule walisema amehamia Voi.

Aliyenisaidia ni muuza kahawa wa pale stejini. Yeye alilijua gari lile tangu likiwa jipya, na alikuwa ameandika namba yake kwa mkaa ukutani kwa sababu dereva alikuwa anamdai... la, nimekosea, yeye ndiye aliyekuwa anamdai dereva pesa za kahawa. Tukaiweka abstrakti pembeni ya ule ukuta. Herufi ya mwisho kwenye karatasi ya polisi ilikuwa D. Ukutani ilikuwa P. Mkia mmoja wa kalamu, miezi 8.

Kurekebisha herufi ile kulihitaji barua, na nakala ya kitabu cha matukio cha kituoni, na subira ambayo sikujua ninayo. Kisha ikafuata fomu ya P3 ambayo daktari anajaza kueleza jeraha, kisha ripoti ya daktari mwingine, kisha daktari wa upande wa bima naye akataka kunitazama, akanibinya kifundo cha mkono kama anayechagua embe. Tulipatana nje ya mahakama mwishoni mwa 2020. Kilichonifikia, baada ya wakili kuchukua chake, kilizidi mara 5 zile pesa za kijana wa faili. Nilinunua cherehani ya umeme na nikalipa deni la ada. Kifundo hadi leo hakigeuki kikamilifu. Kufungua mfuniko wa chupa ya soda namwachia binti yangu.

Huku nikihangaika na hayo, wenzangu wa laini walinichagua kuwa mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Nadhani walidhani nimesoma sana sheria, kumbe nimesoma kifungu kimoja tu, lakini nimekisoma sana.

Kifungu hicho kilikuja kunifaa wakati wa kafyu. Tangu Machi 2020 serikali ilipopiga marufuku kutembea usiku kwa ajili ya korona, kiwanda kilikodi magari madogo matatu, nisani, ya kurudisha watu wa zamu ya jioni. Usiku mmoja mwanzoni mwa 2021, moja kati ya hizo ilitoka barabarani ikaingia mtaroni karibu na Kwa Jomvu. Wanawake 5 waliumia, mmoja wao vibaya, goti. Safari hii nilijua la kusema. Nilikwenda ofisini asubuhi yake na kumwambia binti yule yule: "Wiba haipandi matatu, sawa. Nisani ya kiwanda je?"

Hakubisha. Waliobisha ni watu wa bima. Walisema gari lilikuwa la kukodi, mwenyewe ni mtu wa nje, dereva ni wa mwenye gari, si mwajiriwa wa kiwanda. Kwao hiyo haina tofauti na matatu. Nikahisi kama herufi ile ya P inanirudia. Maana sheria kweli inataja dereva, na kama dereva si wa kiwanda, mlango ule mdogo unazidi kuwa mdogo.

Tulikwenda kwa afisa wa serikali wa usalama na afya kazini, ofisi ambayo kwa haki ndiyo ilipaswa kupelekewa taarifa na mwajiri ndani ya siku 7. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliwaita wale wanawake mmoja mmoja. Nilitegemea atawauliza waliumia wapi. Yeye alianza na swali moja kwa kila mmoja: "Mama, usiku ule ulikuwa umekalia kiti cha nani?" Hawakulielewa. Akafafanua: nani alikwambia upande? Ulilipa nauli? Mtu mwingine asiye wa kiwandani angesimamisha gari lile njiani, angepandishwa? Dereva alikuwa anapokea amri kwa nani?

Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Mmoja wao alikumbuka kwamba dereva hakuruhusiwa kutoka getini kabla ya kutia sahihi kwenye daftari la karani wa usafiri, na kwamba Jumamosi alikuwa anapanga foleni ya malipo pamoja na vibarua wetu. Tuliomba daftari. Likasemekana limepotea. Tuliomba tena, afisa akiwa amesimama pale, likaonekana. Jina la dereva lilikuwemo kila usiku kwa miezi 6, na kwenye orodha ya vibarua alikuwemo, namba 41. Gari lilikuwa la mtu mwingine, lakini dereva alikuwa analipwa na kiwanda kama sisi.

Walilipwa siku zao na matibabu. Wa goti daktari alimpa asilimia 10 ya ulemavu wa kudumu. Nilikuwa naye siku alipoambiwa, akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo asilimia inanunua nini. Nikageuza risiti ya duka nikamwandikia kwa nyuma: sheria huhesabu ulemavu kamili kuwa mapato ya miezi 96. Asilimia 10 ya 96 ni miezi 9.6. Mshahara wake Sh 15,000. Zidisha: Sh 144,000. Akaitazama ile karatasi, akalitazama goti. "Kwa hiyo goti lina bei," akasema. Sikuwa na jibu, na sikulitafuta.

Kuna kisa kingine cha kijana wa stoo ambacho nakipenda kwa sababu kilishinda kwa kikaratasi kidogo kuliko vyote. Alitumwa saa 10 jioni apeleke sampuli za suruali Changamwe, akaambiwa akimaliza apitilize nyumbani. Bodaboda ikaanguka kabla hajafika. Ofisi ikasema alikuwa anaenda nyumbani, na nyumbani ni kwake. Lakini pasi ya geti ilikuwa mfukoni, imelowa damu pembeni: saa ya kutoka, jina la supavaiza, na maneno "sampuli 2". Sampuli zenyewe zilikuwa bado kwenye begi. Aliyetumwa yuko kazini hata akiwa juu ya bodaboda, hilo halikuwa na ubishi tena. Angekuwa ameshazikabidhi na kuanza safari ya kwake, pengine mambo yangekuwa mengine. Nilimwambia: wewe umeokolewa na suruali mbili ulizochelewa kuzifikisha.

Mwaka 2022 kulikuwa na semina ya vyama vya wafanyakazi hapa Mombasa, nikaketi meza moja na bwana mmoja kutoka Goma, Kongo. Nilimsimulia habari za matatu na nisani. Akashangaa kweli. "Kwetu, mama, ajali ya njia wanaihesabu ya kazi," akasema. "Ukitoka kwako unaenda kazi, ao unarudia, ile njia iko ya kazi." Nikauliza hata kama umepanda gari la watu? Hata ukiwa kwa miguu, akasema. Nikaona wivu. Kumbe hata jirani yetu tu, anayezungumza Kiswahili kama mimi, sheria yake imeifuata mifumo ya Wabelgiji na Wafaransa ambayo inaitambua njia, na yangu imefuata ya Waingereza inayoishia getini. Halafu akaongeza, akikoroga chai: "Sasa kulipwa, ile ni maneno ingine." Tukacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaojuana.

Semina ile ndiyo iliyonitia kichwani kwamba tusingoje sheria, tuombe kwenye mkataba wetu wa pamoja. Kuna mambo mawili ambayo mwajiri anaweza kuyatoa hata bila sheria kumlazimisha. La kwanza ni gari la kuwabeba watu, hasa wanaoingia kabla ya saa 1 na wanaotoka usiku, maana nisani za kafyu ziliondolewa mara tu kafyu ilipofutwa Oktoba 2021. La pili ni bima ya ajali ya saa 24, ambayo baadhi ya kampuni huwakatia watu wao, na hiyo haijali uko wapi wala umepanda nini.

Tulipofika mezani, mwaka 2023, upande wa pili haukukataa. Ulifanya kitu cha akili zaidi. Ulisema: badala ya gari, tutawaongezea pesa za nauli kila mwezi. Ikabidi turudi kwa wanachama wapige kura.

Tulikutana chini ya mwarobaini nje ya geti, saa ya chakula. Niliwaeleza nilivyoweza. Niliwaambia kwamba pesa za nauli maana yake ni matatu, na matatu maana yake wiba haipo. Niliuinua mkono wangu wa kushoto nikauzungusha hadi pale unapogomea. Wa goti alikuwepo, amekaa juu ya kreti, akaeleza ya kwake. Wakasikiliza kwa heshima. Kisha dada mmoja wa upande wa vifungo, mjane, watoto wanne, akasema, "Dada, ajali itakuja siku moja, au isije. Unga nanunua leo." Watu wakaguna kukubali. Kura zilipohesabiwa, wanaotaka gari walikuwa 37. Wanaotaka pesa sikuwahesabu hadi mwisho, mikono ilikuwa mingi mno.

Sikukasirika, nami nilishawahi kukaa na siku 14 za mshahara na kalamu ya mtu mkononi. Lile la bima ya saa 24 tuliliacha kwenye karatasi ya madai, na bado lipo, chini kabisa, linahamishwa kutoka mkutano hadi mkutano.

Kwa hiyo bado napanda matatu. Saa 11 na nusu, Mazeras. Muuza kahawa ananijua, ananiwekea kikombe kabla sijaomba. Nikishakaa, kabla makanga hajaanza kukusanya nauli, natoa simu na kumwandikia binti yangu namba ya gari, herufi kwa herufi, na kama kuna P nasoma mara mbili. Yeye yuko chuo sasa, hulala hadi saa 2, lakini ujumbe huwa unafika. Tukiwa tumeshafika kazini na mashine zimewashwa, simu hutetemeka mfukoni mwa eproni: "Nimeona, mama."